Udongo Chini ya Foklifti: Asilimia 7 Isiyosomwa Vizuri

Wahandisi wanaosanifu sakafu za maghala wana hoja moja ya kweli, kwamba unene wa zege hupunguza mkazo kuliko ugumu wa udongo ulio chini yake, nayo ndiyo inayowafanya wenye mali wafute bajeti ya uchunguzi wa udongo bila kusita. Kwa fomula za mhandisi Westergaard za mwaka 1926, gurudumu la foklifti (gari la kuinulia mizigo) likipita katikati ya jamvi la zege, yaani kipande kimoja cha sakafu, lenye unene wa milimita 150, kisha ugumu wa udongo ulio chini ukachukuliwa kuwa nusu ya ule wa awali, mkazo ndani ya zege (nguvu inayoweza kulipasua) huongezeka kwa takriban asilimia 7 tu. Unene ukiongezwa hadi milimita 175, mkazo hushuka kwa karibu robo. Mwenye ghala akiiona hesabu hiyo ana haki ya kuuliza kwa nini awalipe watu wa maabara ilhali fedha hizo zingenunua zege.

Hoja hiyo haifai kudharauliwa. Foklifti ya kubeba tani 3 yenyewe huzidi tani 4, na ikishapakiwa, karibu asilimia 90 ya uzito wote hulalia ekseli ya mbele, yaani tani 3 au zaidi kwa kila gurudumu, kwenye eneo dogo mno. Jamvi jembamba halitaokolewa na udongo mzuri.

Hata hivyo, asilimia 7 hiyo imepatikana kwa kuchukulia kwamba udongo ni kitanda cha springi zenye ugumu mmoja kila mahali, na kwamba jamvi linaugusa udongo huo pote, leo na miaka 20 ijayo. Fomula haijathibitisha kuwa udongo una athari ndogo. Imeonyesha kuwa udongo dhaifu lakini wa hali moja huvumilika. Tusogee sasa kutoka katikati hadi kwenye pembe ya jamvi, mahali pasipo na nondo za kuhamishia mzigo kwenye jamvi jirani. Kwa gurudumu lilelile na unene uleule, pembe hiyo ikiachwa ining'inie kwa sababu udongo umetitia, mkazo wake hupanda kwa zaidi ya asilimia 60 ukilinganishwa na pembe iliyokaa vizuri juu ya udongo. Tofauti kati ya 7 na 60 ndiyo tofauti kati ya udongo laini na udongo ulioondoka, na sioni ikijadiliwa inavyostahili.

Udongo huondoka kwa njia zinazojulikana. Embakasi na Athi River, nchini Kenya, kuna udongo mweusi wa pamba, ambao huvimba mvua zinaponyesha na kusinyaa wakati wa kiangazi. Katikati ya ghala, chini ya paa, unyevu hubadilika kidogo. Kandokando, hasa kwenye milango ya kupakilia, hubadilika sana, na hapo ndipo foklifti hukata kona siku nzima. Mkandarasi makini huuchimba udongo huo na kujaza moramu, lakini kifusi kilichorudishwa kuzunguka misingi ya nguzo mara nyingi hakishindiliwi kama eneo lililo wazi.

Kwa hiyo ninatofautiana pia na wanaoagiza vipimo viwili vya sahani ya milimita 762, yaani sahani ya chuma inayokandamizwa juu ya udongo ili kupima ugumu wake, na kuridhika. Kipimo hicho kinaheshimika, lakini hutoa jibu la nukta moja, huhitaji lori lililojaa la kukandamizia, na hakihisi sana kilicho kwenye kina kinachozidi mita moja na nusu. Nyundo ya kilo 8 inayoangushwa milimita 575 juu ya fimbo yenye koni inayozama udongoni hutoa makadirio tu ya ugumu, ila watu watatu wanaweza kupima nukta nyingi kwa siku moja, pamoja na kando ya kila nguzo na mbele ya kila mlango.

Pale ambapo ardhi ya asili ni ngumu, haina mfinyanzi unaovimba na haikujazwa kifusi, ninakubali kwamba fedha iende kwenye unene. Kwingineko, koni ipite kwanza, na kila inapozama haraka kuliko jirani zake pachimbwe na kushindiliwa upya kabla ya nailoni inayokaa chini ya zege kutandazwa, kwa kuwa zege likishamwagwa hakuna atakayepaona tena mpaka kingo za maungio zianze kumeguka.