Masafa ya Televisheni Kwenda Intaneti: Kijiji Kimepata Nini?

Tanzania ilianza kuzima mitambo ya televisheni ya analojia Desemba 31, 2012, Dar es Salaam ikitangulia na miji mingine ikifuata mwaka 2013. Kilichosemwa sana wakati ule ni ubora wa picha. Kilichosemwa kidogo ni masafa, yaani nafasi za hewani ambamo mawimbi ya televisheni na simu hupita. Kwa analojia, kituo kimoja cha televisheni kilikuwa kinakalia megahezi 8 peke yake. Kwa dijitali, nafasi hiyohiyo inabeba chaneli kumi na zaidi. Sehemu iliyobaki wazi, yaani mikanda ya megahezi 700 na 800, ndiyo kampuni za simu zilikuwa zinaimezea mate. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliyapiga mnada masafa ya 700 mwaka 2018, na mengine tena mwaka 2022.

Hoja ya kampuni za simu ina uzito, na naiunga mkono. Mawimbi ya megahezi 700 husafiri mbali na hupenya kuta kuliko yale ya 2100 au 2600, kwa hiyo mnara mmoja unafikia eneo kubwa zaidi. Kwa nchi yenye vijiji vilivyotawanyika kama vya Tabora au Katavi, hilo ni jambo kubwa. Kuyaacha masafa hayo yakae bure baada ya analojia kuzimwa kungekuwa upotevu.

Ila tuulize nani aligharamia. Marekani, katika mnada uliokamilika mwaka 2017, vituo vya televisheni vilivyokubali kuachia masafa vililipwa zaidi ya dola bilioni 10 kutokana na mauzo. Kwetu gharama ilimwangukia mtazamaji: alinunua king'amuzi, na asiyekuwa na fedha akabaki na televisheni isiyoonyesha kitu. Kenya, Februari 2015, Citizen, NTV, KTN na QTV zilitoweka hewani kwa karibu wiki tatu katika mvutano wa kuhamia dijitali. Na hapa kwetu, Agosti 2018, TCRA ilivizuia ving'amuzi vya Azam, DStv na Zuku kurusha chaneli za bure za ndani kwa sababu ya masharti ya leseni. Aliyekuwa na king'amuzi cha aina hiyo alitakiwa anunue kingine ili aone taarifa ya habari ya ITV.

Watetezi wa televisheni wana hoja nyingine ambayo naona haisikilizwi vya kutosha. Mtambo wa kurushia matangazo haujali wanatazama watu mia au laki tano. Gharama ni ileile. Mtandao wa simu unazidi kuelemewa kila anapoongezeka mtu. Siku ya mechi kubwa inayorushwa na chaneli ya bure, mwenye antena juu ya mlingoti wa mianzi na televisheni ya sola anatazama hadi filimbi ya mwisho. Anayetazama kwenye simu anahesabu MB, na bando linaweza kukata kabla ya mapumziko. Mwenye kitochi, simu ndogo ya batani, hayumo kabisa kwenye hesabu hii.

Kwa hiyo megahezi 700 ziende kwa simu, sawa, lakini leseni iseme wazi ni kata zipi zitafikiwa na lini, na asiyetimiza anyang'anywe. Masafa mazuri hupunguza idadi ya minara. Hayabadilishi hesabu ya faida. Ndiyo maana minara mingi ya vijijini bado inajengwa kwa ruzuku ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote.

Kipande kinachofuata ni megahezi 470 hadi 694, ambako televisheni ya dijitali imehamia na inaishi sasa. Kwenye mkutano wa dunia wa masafa uliofanyika Dubai mwaka 2023, nchi kadhaa za Kiarabu zilipata ruhusa ya kutumia 614 hadi 694 kwa simu, huku Ulaya ikiendelea kuyapa matangazo kipaumbele. Shinikizo litafika kwetu pia. Msimamo wangu ni kwamba tusiguse hapo kwanza. Kampuni zionyeshe vijiji zilivyofikisha kwa masafa ziliyokwisha kupewa, jina kwa jina, kwenye orodha ambayo mwananchi yeyote anaweza kuisoma na kuilinganisha na mtandao anaoupata nyumbani kwake.