Beberu wa Saa Nne na Dakika Kumi na Mbili

Kundi letu la ukoo kwenye WhatsApp lina watu 47, wote midomo wazi. Ukiiweka simu chini ukala chakula cha usiku tu, ukirudi unakuta 214 imekaa kwenye kile kiduara cha kijani inakukodolea macho. Mie namba ile hainipi usingizi. Basi kila usiku nalifungua kundi, nateremka mbio mpaka chini kwa kidole gumba, namba inafutika, nalala. Kusoma? Nani asome salamu 90 za Ijumaa na maua yake?

Tena nikijiona mjanja, maana zile alama za buluu za kuonyesha umesoma nilishazizima kwenye mipangilio.

Jumamosi alfajiri simu ikalia, namba siijui.

"Weye ndo mwenye beberu?"

Nikasema hapana, nikakata. Ikalia tena.

"Yakhe, njoo Malindi bandarini umchukue. Keshakula mkeka wa watu."

Kumbe shangazi yangu wa Wete, Pemba, kapakia beberu kwenye meli ya usiku, wa akika ya mjukuu wake Jang'ombe, hapa Unguja, kisha kaandika kundini: "Atakayesoma mwanzo ndiye akampokee." Kaandika saa nne na dakika kumi na moja usiku. Mie nimefungua dakika moja baadaye. Ujumbe ulikuwa wa mwisho kabisa, mbele ya pua yangu, nami nashughulika na kuangalia kama namba imefutika.

Nikampigia. "Shikamoo shangazi. Wallahi mie sikusoma."

"Marahaba. Umesoma saa nne na dakika kumi na mbili."

Mjukuu wake wa skuli ndiye aliyemfundisha: ujumbe wako unaushikilia kwa kidole, unafungua taarifa zake, majina ya waliosoma hayo hapo, kila mtu na saa yake. Na ule ujanja wangu wa kuzima alama unafaa mkiwa wawili tu. Kwenye kundi haumfichi mtu.

"Nilifungua tu, shangazi."

"Aliyefungua mlango, mgeni wake."

Bandarini nikamlipa bibi wa mkeka elfu kumi na tano. Beberu bado ana ukindu mdomoni. Konda wa daladala alitutazama mara moja tu, akapiga bodi, gari ikaondoka. Tukaenda kwa miguu. Darajani watu watatu wakaniuliza bei, na sitaki kusema uongo, yule wa tatu alitaja bei nikasimama.

Usiku namba ilikuwa 131. Safari hii nikakaa kitako nikazisoma zote, moja moja, kwa adabu. Wengi walikuwa wananicheka; mmoja kaweka picha yangu nikivutana na beberu, sijui kaipata wapi. Wa mwisho ulikuwa wa shangazi, ndio kwanza umeingia:

"Jumatano napakia majogoo saba. Naangalia nani kasoma."

Nikatazama saa. Tano na dakika tatu.