Namba Mbili, Bila Nguruwe

Mama hupenda kunipigia nikiwa kwenye gari. Huku Columbus, Ohio, ni saa kumi na mbili na robo alfajiri, giza bado, barafu imeganda kwenye kioo. Kwake Tanga ni saa nane na ushei mchana, ameshaosha vyombo. Swali lake ni lile lile tangu nikiwa darasa la kwanza: "Mwanangu, umekunywa chai?"

Kwa miaka sita nimemjibu kwamba nimekunywa. Mapajani nilikuwa na mfuko wa karatasi wenye mkate wa yai na jibini, na kipande cha viazi vya kukwaruzwa kilichokaangwa mpaka kikafanana na mbao. Pembeni, kwenye kishikio, kahawa ya barafu yenye krimu na shira ya karameli, bilauri ndefu kama chombo cha maua. Chai hapo iko wapi?

Wabeba boksi wenzangu, yaani sisi wa vibarua vya ughaibuni, mnanielewa. Mimi boksi sibebi, natunza wazee. Zamu yangu inaanza saa moja kasoro robo, na ukichelewa dakika saba unaandikwa. Anayetuambia "amkeni mapema mpike" hajawahi kupiga zamu mbili mfululizo, akaingia kitandani saa sita usiku akijua saa kumi na moja kengele inalia. Mkahawa wa Kisomali ninaoupenda unafungua wakati mimi nimeshawaogesha wazee watatu. Kwa hiyo kinachobaki ni dirisha la magari kwenye mkahawa wa chakula cha haraka: unasimama mbele ya ubao, unaongea na kipaza sauti, unazungukia mbele, unalipa, unapokea mfuko, unaondoka. Dakika nne.

Na pale kwenye kipaza sauti ndipo penye habari yangu yote. Wataalamu wa afya wanaandika kuhusu mafuta na chumvi. Sijaona hata mmoja aliyeandika kuhusu lafudhi. Siku zangu za mwanzo nilikiogopa kile kidude kuliko mtihani wa leseni ya udereva. Nikisema neno, sauti inajibu "nini?" Nikirudia, "nini?" Nyuma yangu magari sita, la mwisho linapiga honi. Halafu nikagundua siri ambayo kila mgeni huigundua: sema namba. "Namba mbili." Imeeleweka. Mbili haina lafudhi. Kila namba ni mlo uliokwishafungwa, mkate wake, viazi vyake, kinywaji chake. Wanauita kombo. Kwetu jambo likienda kombo limeharibika, lakini wakati ule hata nafasi ya kucheka sikuwa nayo.

Mimi nimezaliwa Ngamiani, Tanga, ambako namba ni za barabara: barabara ya nane, ya kumi, ya kumi na mbili. Chakula hakina namba. Asubuhi unakwenda kwa mama wa mbaazi na bakuli lako mkononi. "Nipe mbaazi za mia tano, mchuzi usizidi, na maandazi mawili. Si hilo, hilo limeungua, lile la pembeni." Mwenzio anataka chapati moja tu na mchuzi mtupu. Mzee anataka chai ya rangi isiyotiwa sukari kwa sababu ya kisukari chake, na anamiminiwa bila maneno. Kwa muuza supu ndiyo usiseme: mtu anasimama juu ya sufuria anaelekeza kwa kidole, weka ya shingo, engua hayo mafuta, ongeza ndimu. Hakuna anayekula alichopangiwa. Kila mtu anajijengea chai yake kipande kwa kipande, na mama wa mbaazi asipokusikia vizuri anakuuliza tena bila kukunja uso, maana wewe ni jirani yake.

Nikahamia nchi inayojisifu kwa uhuru wa kuchagua, nikawa nakula namba.

Kilichoniokoa nusu ni dini. Soseji na bekoni zao za asubuhi kwa kawaida ni nguruwe, na namba mbili ya dirisha langu ilikuwa na soseji. Kwa hiyo sentensi ya kwanza ya Kiingereza niliyoifanyia mazoezi mbele ya kioo cha bafuni ilikuwa ya kuomba watoe nyama. Namba mbili, bila nguruwe. Niliirudia mpaka ikanyooka. Na wakatoa! Hakuna aliyenuna, hakuna aliyeuliza kwa nini. Miaka sita nikawa natoa nguruwe kila asubuhi, na hainijii akilini hata siku moja kwamba mdomo uliotoa soseji unaweza kutoa na shira.

Mwaka juzi wakanipima kliniki. Presha imepanda, 146 kwa 92. Kile kipimo cha sukari kinachoangalia miezi mitatu ya nyuma kikasoma asilimia 5.9, na kuanzia 5.7 hadi 6.4 wanakuhesabu kuwa umo njiani kuelekea kisukari. Kule nyumbani picha zangu zinapokewa kwa vigelegele: "Dada, umependeza, Marekani imekukubali!" Kumbe ndiyo kukubaliwa kwenyewe.

Muuguzi alinipa karatasi niandike kila ninachokula na kunywa kwa wiki moja. Nilipofika mstari wa asubuhi ndipo nikaanza kuusoma ubao wa pale dirishani. Tangu Mei 2018 sheria ya Marekani inazitaka kampuni zenye matawi 20 au zaidi ziandike kalori kwenye ubao, kando ya bei. Zilikuwa pale muda wote. Mimi nilikuwa nasoma bei peke yake, maana hela ya kutuma nyumbani ilitoka kwenye tofauti ya senti zile.

Nilichokikuta sikukitarajia. Nilidhani mkate wa yai ndiye mwizi, kumbe mwizi alikuwa jirani yake. Ule mkate maarufu, Egg McMuffin, ulibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na Herb Peterson, aliyekuwa anaendesha tawi la McDonald's kule Santa Barbara, California: kimkate cha duara kilichochomwa, yai lililopikwa ndani ya pete ya chuma, jibini, kipande cha nyama. Una kalori kama 310 na protini gramu 17 hivi, na ukitoa nyama zinapungua. Kwa mtu atakayesimama kwa saa nane akiwageuza wazee kitandani, hilo si kosa. Chapati mbili za kusukuma zilizoiva kwenye mafuta zinaupita, na zile sizikosoi mbele ya mtu yeyote.

Kipande cha viazi kinaongeza kama kalori 140, nyingi za mafuta na wanga, na baada ya saa moja njaa imerudi. Lakini mkubwa wao ni bilauri. Chama cha Moyo cha Marekani kinashauri mwanamke asizidishe gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku, sawa na vijiko sita vya chai. Kahawa yangu ya shira ilikuwa inauruka ukuta huo kabla jua halijatoka, na juisi ya machungwa wanayokushauri badala yake, ingawa sukari yake ni ya tunda lenyewe, nayo inakupa zaidi ya gramu 20 kwa kikombe kimoja cha kawaida. Shibe haimo. Ni sukari ya kunywa tu.

Chumvi ni kesi nyingine, na hapa sitaki kuwadanganya. Chumvi huwezi kuiondoa kwa mdomo, imeshaingia kwenye mkate, kwenye jibini, kwenye nyama. Mkate ule mmoja una sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, miligramu mia saba na zaidi, wakati mwongozo wa Marekani kwa mtu mzima ni 2,300 kwa siku nzima. Theluthi imekwenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kwa hiyo siku ninayopita dirishani, mchana na usiku napika mwenyewe na chumvi naibana. Mchicha wa nazi na ndimu haudai chumvi nyingi.

Halafu kuna majina ya kukupotosha. Wanachokiita biskuti si ile ya kuchovya kwenye chai. Ni mkate mnene uliokandwa kwa mafuta mpaka unamomonyoka, mzito kuliko kile kimkate cha duara. Uji wa oti unaonekana mcha Mungu kwenye picha, ila mara nyingi unakuja umeshatiwa sukari. Omba usitiwe.

Sasa nije nyumbani, maana najua mtakaonisoma mkiwa Dar na Mombasa mmeshaanza kutikisa kichwa: "Pole, ninyi huko mnakula makaratasi, sisi tunakula vya asili." Taratibu. Nilikuja likizo mwaka uliopita na macho yangu mapya ya kuhesabu. Nikakaa jikoni kwa mama, nikamtazama akitengeneza chai ya maziwa ya chupa moja. Nilihesabu vijiko vya sukari vikiingia sufuriani, nikagawa kwa vikombe: vijiko vinne kila kikombe. Vikombe viwili, gramu kama 32. Mama yangu ameuruka ule ukuta wa gramu 25 bila kutoka uani. Kando yake maandazi yaliyokaangwa kwenye mafuta ya juzi, meusi kama oili ya gari. Asili ipi?

Ila mama alikunywa akiwa na watu wanne, akaongea kwa dakika arobaini, akachukua kikapu, akaenda sokoni Mgandini kwa miguu na akarudi kwa miguu. Mimi nilikunywa peke yangu, nikiendesha, kisha nikakaa tena kwenye gari hilo hilo jioni. Tofauti yetu kubwa iko miguuni. Na hiyo nayo kwetu inayeyuka. Mpwa wangu, kijana wa miaka kumi na tisa, anaita bodaboda kwenda dukani mita mia tatu, anarudi na soda na sambusa mbili, na hiyo ndiyo chai yake. Ukimsema anakwambia, "Mama mkubwa, kwani nyie huko mnatembea?" Nikakosa jibu.

Kwa hiyo sitawaambia wenzangu wa huku waache dirisha. Nawaambia walitendee dirisha kama wanavyomtendea mama wa mbaazi. Vunjeni namba. Agiza mkate wa yai peke yake, hauuzwi kwa sharti la viazi. Kahawa iwe nyeusi au ya maziwa kidogo, shira wakae nayo. Wiki mbili za kwanza utadhani unakunywa maji ya mkaa, ya tatu ulimi unakubali, hasa kama uliwahi kunywa kahawa chungu ya barazani. Ndizi toka nayo nyumbani.

Mimi sasa napita mara mbili kwa wiki, Jumatatu na ile siku ya zamu mbili. Siku nyingine ni uji wa ulezi kwenye chupa, unga wake naununua duka la Wahindi kwa jina la ragi, na mayai mawili ya kuchemsha niliyoyachemsha Jumapili. Ijumaa ni sherehe: mbaazi za kopo kutoka duka la Walatino, tui la kopo, zimepikwa usiku, nazila kiporo na kipande cha mkate. Si mbaazi za Ngamiani, ila zinaijua njia ya kwenda huko. Presha imeshuka, sukari imerudi 5.6. Sijakonda kiasi cha kuwasikitisha wa nyumbani.

Mwezi uliopita nimeanza kumpa lifti kijana wa Bukavu, Kongo, mgeni, ana miezi minne hapa mjini. Ananiita yaya, ambayo kwao ni dada mkubwa na kwetu ni mlezi wa watoto, na kwa kazi ninayoifanya majina yote mawili yananifaa. Siku ya kwanza tulipofika kwenye kipaza sauti aliinama upande wangu akapiga kelele, "Namba tano!" Nikamwuliza namba tano ina nini. "Sijue, yaya. Lakini namba wanasikia."

Nikatoa gari kwenye foleni, nikaegesha pembeni. Tukafanya mazoezi pale pale, taa za ndani zimewaka, mvuke unatutoka mdomoni: mkate wa yai, bila soseji, bila shira. Soseji kwake si haramu, ila alitaka kujifunza sentensi yote. Tukarudi foleni. Akasema lake, sauti ikauliza "nini?", akarudia bila kupapatika, na safari hii wakamwelewa. Kisha, kabla sijaondoa mguu kwenye breki, akaongeza kwa kujiamini kabisa vipande viwili vya viazi.

Nikanyamaza. Mimi ilinichukua miaka sita.