Hongera ya Dodoma mnampa nani?

Shemeji yangu kapata kazi Dodoma. Barua ya ofa ilitupwa kwenye grupu la WhatsApp la familia na kabla watu hawajaifungua hongera zikaanza kumiminika, mara keki, mara fataki, baba mdogo akatuma sauti ndefu akimshukuru Mungu kwa niaba yetu sote. Mdogo wangu, ambaye ndiye mke wa mwenye barua, akaandika tu "bado tunaangalia". Baba mdogo akarudi: "Mnaangalia nini tena? Mke si anamfuata mume?"

Nikaweka simu chini, maana nilichotaka kuandika si kitu cha kumwandikia baba mdogo. Nakiandika huku, huku hafiki.

Kwanza hiyo hela yenyewe. Nyongeza ni laki nne kwenye mshahara wa msingi, na kila mtu anaitaja hivyo hivyo, laki nne, kama vile itaingia mfukoni ikiwa nzima. Shemeji mshahara wake ulishavuka milioni zamani, kwa hiyo laki nne mpya yote inaangukia kwenye lile fungu la PAYE, kodi ya mshahara, la asilimia 30. Toa NSSF, mchango wa pensheni, asilimia 10, yaani elfu 40. Kinachobaki kata kodi, laki moja na elfu nane. Halafu Bodi ya Mikopo nao wana asilimia 15 yao ya mshahara wa msingi, elfu 60 nyingine, maana shemeji bado anadaiwa tangu chuo kama nusu ya tunaofahamiana. Imebaki laki moja na elfu 92. Hiyo ndiyo iliyopigiwa fataki.

Sasa tuje kwa huyo anayetakiwa kufuata. Mdogo wangu anapika vitafunwa Tabata, hapa Dar. Sambusa, maandazi, chapati, vitumbua kwa oda, asubuhi anapeleka kwenye maofisi na shule mbili, wikiendi shughuli za watu. Mwezi mbaya anabaki na kama laki tatu na nusu baada ya kutoa unga, mafuta, gesi, bodaboda na binti anayemsaidia. Mwezi wa harusi nyingi usimuulize, atakuficha. Lakini kwenye grupu la familia hiyo ni "vibiashara vyake vile". Mume akipata kazi ni baraka, mke akiacha inayoingiza karibu mara mbili ya hiyo nyongeza ni kumfuata mume. Hebu mtu anieleze hiyo hesabu ni ya darasa la ngapi.

Na kinachoniudhi zaidi ni ile lugha ya "si atafungua kule kule". Oveni unaweza kuipakia kwenye fuso, sawa, na masufuria, na meza. Utampakia vipi yule mhasibu wa shule anayelipa kwa wakati? Utampakia vipi muuza unga anayempa mifuko kwa mali kauli kwa sababu wamejuana miaka na anajua Ijumaa hela yake ipo? Daftari la madeni lenyewe, wale wadaiwa wakisikia tu mama kahama namba zao hazitapatikana. Kikoba chake kinavunjwa Desemba, ukitoka katikati hisa zako unasubiri na wenzio, na ule mkopo aliotaka kununulia oveni kubwa ndio basi tena. Bibi yetu anasema mgeni hachagui kisima, na mtu wa biashara akifika mji mpya ndio hivyo hivyo, anaanza na wateja wabaya, wale waliokwisha kukataliwa na wapishi wengine wote. Mpaka afike alipo leo inaweza kuwa mwaka, inaweza kuwa miwili, na miaka hiyo yote nyumba itakula ile laki moja na elfu 92.

Mtu atasema Dodoma kuna hela. Kuna hela, sijakataa. Wizara zimehamia, Mtumba pamejaa majengo, Bunge la bajeti likikaa kuanzia Aprili mpaka Juni mji unachangamka, gesti zinajaa, na mwenye chakula kizuri anauza. Halafu Bunge linaahirishwa. Na hata ndani ya hiyo miezi unadhani hao wabunge wanasubiri sambusa za mtu aliyeshuka kwenye fuso juzi? Kuna kina mama wako kule toka enzi, wana wateja wao na wana ndugu zao jikoni.

Wengine, hawa wanajiona wana akili zaidi, wanasema si kuna SGR siku hizi, mume atangulie, Ijumaa jioni anapanda treni, kama masaa manne yuko Dar. Ni kweli treni imerahisisha sana, mimi mwenyewe basi la Dodoma silitamani tena. Ila pigeni hiyo nayo: chumba kule, nyumba huku, nauli ya kwenda na kurudi kila wiki, chakula cha mtu mzima asiyejua kupika hata wali. Nyongeza imeisha na bado hajanunua maji ya kunywa. Mtoto naye yuko darasa la nne, mwaka wa mtihani, hilo silisemi sana kwa sababu watoto wanahama na wanaishi.

Haya, niseme na upande wa pili kabla hamjaja inbox. Kijana ambaye hana mke, hana mtoto, anakaa chumba kimoja Mbagala na kila siku foleni inamla, huyo aende, tena aende leo, viwanja kule bado mtu wa kawaida anaweza kuota. Na shemeji kazini kwake hapa Dar amefika ukutani, bosi wake ni mtu wa umri wake na haendi popote. Naliona hilo. Sipendi kuliona lakini naliona. Na mtumishi wa umma angalau ana njia ya kuomba uhamisho wa kumfuata mwenza, hata kama barua inazunguka mezani mpaka inachoka, na malipo ya uhamisho yenyewe tunajua yanavyogeuka malimbikizo. Mpika vitafunwa anaomba uhamisho kwa nani?

Kwa hiyo nilimpigia shemeji, sio mdogo wangu, maana yeye ndiye mwenye barua. Nikamwambia mambo mawili. La kwanza, kuna miezi 6 ya majaribio, na kabla hujamaliza miezi 6 kazini huendi CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, ukadai umeachishwa kazi isivyo haki. Sasa mtu anavunja nyumba Tabata, analipa kodi ya miezi sita Ilazo, Dodoma, na mwezi mzima wa dalali juu yake, kwa kazi ambayo wanaweza kumwambia asante mwezi wa tano? Familia isiguse hata kijiko mpaka barua ya kuthibitishwa itoke.

La pili ni mkataba wenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mkataba ukiisha mahali tofauti na ulipoajiriwa, mwajiri anakurudisha wewe na mizigo yako kule ulikoajiriwa, au anakulipa usafiri. Sasa hawa wamemwita aende akasaini Dodoma. Akisaini hivi hivi, pale penye mahali alipoajiriwa wataandika Dodoma, na siku mambo yakiharibika fuso ya kurudi ni juu yake. Nikamwambia aombe iandikwe Dar es Salaam, kwa maandishi, kabla ya kupanda treni.

Akaguna, akasema anaogopa kuonekana msumbufu kabla hajaanza kazi. Nikamuuliza, msumbufu kwao au kwa mkeo, chagua. Jioni akanitumia nakala ya barua pepe aliyowaandikia HR, na chini yake ameuliza pia kama wanatoa posho ya makazi. Hawajajibu. Wakiandika Dar, nitakaa naye tuongee habari ya Dodoma vizuri. Wakikataa, mimi na yeye bado tuna ugomvi.