Babu wa mbuni? Vidole vyakataa

Akitajwa Eremopezus, yule ndege mkubwa aliyeishi Misri yapata miaka milioni 36 hadi 33 iliyopita, hakukosi mtu wa kusema: huyo ni babu wa mbuni. Charles William Andrews, mtaalamu wa visukuku (mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe), alimpa jina mwaka 1904, mkononi ana ncha ya chini ya muundi tu, kutoka Faiyum, Misri.

Waliosema hivyo hawakubahatisha. Muundi ni mnene, na katika Afrika ya leo ndege wa umbo hilo asiyeruka ni mbuni peke yake. Wengine walimhesabu ukoo mmoja na ndege-tembo wa Madagaska, wale majitu wasioruka waliokwisha toweka. Lakini mwaka 2014 vinasaba vilionyesha kuwa ndugu wa karibu wa ndege-tembo ni kiwi mdogo wa Nyuzilandi, basi ukubwa wa mwili hautoshi kuwa cheti cha undugu.

Kisha kuna miaka. Mbuni wa kale zaidi anayejulikana vizuri, Struthio coppensi wa Namibia, ana miaka milioni 21 hivi. Kati yake na Eremopezus pana pengo la miaka milioni 12 kwa uchache! Utajibiwa kwamba visukuku hupotea. Ni kweli, hupotea; ila kisukuku kilichopotea hakiwezi kuitwa shahidi.

Kinachosahaulika ni vidole. Mwaka 2001 mtafiti Tab Rasmussen na wenzake walichunguza mifupa mipya ya miguu ya Eremopezus. Mtazame mbuni anavyokimbia: vidole viwili tu, vyote vimeelekea mbele. Mguu wa Eremopezus haukuumbwa hivyo. Maungio yake yaliruhusu vidole kutanuka na kujikunja, ukawakumbusha karani-tamba, yule anayeua nyoka kwa mateke, na korongo-nyangumi wa vinamasi vya Uganda.

Na Faiyum ya wakati ule haikuwa jangwa. Ndege wengine wa kale waliofukuliwa huko, wakiwemo sili-majani wenye vidole virefu, wamefanya wataalamu walifananishe eneo hilo na vinamasi vya Uganda, kaskazini na magharibi ya Ziwa Viktoria. Hapo mguu wa kukanyagia matope na kushikia windo unaeleweka kuliko mguu wa mbio.

Sisemi kwamba Eremopezus ni korongo-nyangumi. Fuvu halijapatikana, wala bawa. Hata hilo la kutoruka, ambalo pande zote mbili hulikubali, tunalisoma kwenye unene wa miguu.