Pesa ya brashi ya hewa ipeleke kwenye kompresa

Kila anayeanza kupuliza rangi kwenye modeli za plastiki huuliza swali moja: ninunue brashi gani ya hewa, yaani kile kifaa cha mkononi kinachopuliza rangi kwa hewa ya kompresa? Anajibiwa kwa majina. Iwata ya Japani, Harder & Steenbeck ya Ujerumani, Badger ya Marekani, na mjadala unakesha. Kwangu mimi swali hilo limetangulia wakati wake. Ukitumia rangi za akriliki, kitakachokuangusha mara nyingi ni hewa yako na kile unachozimulia rangi. Brashi inasingiziwa tu.

Tuanze na kuzimua, maana hapo ndipo wengi wanapolia. Rangi za kampuni ya Tamiya, zile zenye namba za X na XF, zinaelewana na alkoholi: zimua kwa X-20A, kizimulio cha kampuni yenyewe, au kwa alkoholi ya aisopropili ya duka la dawa, na zitatoka laini. Rangi ya Vallejo ya Hispania ni ya maji. Itie aisopropili uone: inashikana mabongemabonge ndani ya kikombe, na nozeli, kile kitundu cha mbele kinachotoa rangi, imeziba hata modeli hujaigusa. Chupa zote mbili zimeandikwa akriliki. Ndiyo maana ule ushauri wa "akriliki ni maji tu, tia maji" unanikera. Tamiya inakubali maji, sawa, ila juu ya plastiki tupu huwa inajikusanya matone badala ya kulala. Nunua kizimulio cha kampuni iliyotengeneza rangi yako, kisha ukishaizoea ndipo uanze ubunifu.

Na thina ya mafundi wa magari iache hukohuko gereji. Ile imekusudiwa bati. Modeli ni polistireni, aina ya plastiki, na thina kali inaila: mistari ya paneli inalainika, vichwa vya ribiti vinafutika, na hakuna praima, ile rangi ya msingi, ya kuvirudisha. Fundi wa gereji anaijua presha ya hewa kuliko wengi wetu, kwa hiyo muulize yote kuhusu kompresa. Akifika kwenye thina, mshukuru uondoke.

Rangi iwe nyepesi kiasi gani? Utaambiwa "kama maziwa". Maziwa yapi, ya pakiti, ya ng'ombe wa kienyeji, au mgando? Kipimo ninachokiamini ni cha kuangalia. Chovya brashi ya kawaida kwenye mchanganyiko, gusisha ukuta wa kikombe kwa ndani, tazama rangi inavyoteremka. Inatakiwa ishuke bila kusitasita na kuacha nyuma yake utando mwembamba unaoonyesha kikombe. Ikining'inia, ongeza kizimulio. Ikikimbia yote na kuacha ukuta mweupe, umezidisha. Kwa Tamiya, nusu kwa nusu ni pazuri pa kuanzia. Vallejo Model Air imeshalainishwa kwa ajili ya kupuliza, lakini matone mawili matatu ya kizimulio bado yanaisaidia.

Sasa hewa. Presha ya psi 15 hadi 20 inatosha kazi nyingi, umbali wa sentimita tano hadi kumi. Ukipandisha presha ukisimama mbali, matone ya akriliki yanakaukia njiani na modeli inashikika kama msasa. Ukisogea karibu huku rangi ni nyepesi mno, hewa inaisukuma rangi pembeni, inatawanyika vijimkono. Pulizo la kwanza liwe vumbi tu, plastiki bado inaonekana. Yanayofuata ndiyo yanayofunika. Na kila baada ya muda, pamba ya masikio iliyolowa kizimulio ipite kwenye ncha ya sindano iliyomo ndani ya nozeli, kwa sababu akriliki hukaukia pale hata mikono yako iwe mizuri vipi.

Kwa sisi wa pwani kuna jambo ambalo video za Ulaya hulitaja kwa haraka: maji. Hewa ya Dar au Mombasa imebeba unyevu, na ukiibana kwenye kompresa unyevu ule unageuka matone. Utakuwa unapuliza vizuri, mara brashi inatema tone la maji katikati ya bawa. Kichujio cha maji si pambo. Mtungi wa hewa nao unatuliza mapigo ya kompresa, ili rangi isitoke kwa kwikwi. Ufungue chini umwage maji ukimaliza kazi. Masika yakiingia utashangaa kinachotoka.

Wapo watakaosema brashi za bei ya chini sana huvuja na sindano zake si nyoofu. Ni kweli, na sisemi uokote yoyote. Chukua ya bei ya kati, ya kitufe cha kubonyeza (hewa) na kuvuta (rangi), kikombe juu, nozeli ya milimita 0.3. Zile za 0.2 wanazokutamanisha nazo huziba upesi zaidi kwa akriliki, na mkono mgeni hauna kazi nazo.

Kuhusu modeli ya kwanza: najua mtu wetu akiona modeli ya lori la Scania ya kampuni ya Italeri, ya skeli 1/24, roho yote inahamia kwenye ile kabini nyekundu. Isubiri. Nyekundu inayong'aa, kama X-7 ya Tamiya, haifuniki, inataka nyeupe chini yake, na kila punje ya vumbi itakaa juu kujitangaza. Kifaru cha vita cha Sherman cha 1/35 kwa XF-62, kijani ya kijeshi, kinasamehe sana: rangi haing'ai, na madoadoa yako yataitwa uchakavu wa vita.

Jambo moja sitabishana na mtu. Akriliki haina harufu kali, basi watu wanapuliza chumbani bila barakoa wakidhani hakuna kinachoingia. Rangi iliyopasuliwa kuwa ukungu inafika mapafuni, iwe ya maji au ya petroli. Vaa barakoa yenye vichujio vya vumbi na mvuke, ile ya karatasi haitoshi, na uweke feni inayotoa hewa nje. Aisopropili nayo inashika moto, kwa hiyo jikoni karibu na gesi si mahali pake, hata kama ndiko kwenye meza nzuri.