Mbuzi Niliyoipandisha Uluguru

Nianze kwa kukiri kwamba kosa lilikuwa langu mwenyewe, na kwamba yule askari wa ukaguzi pale stesheni alijitahidi kuniokoa kadiri alivyoweza. Lakini mtu aliyeamua kujifanya mjuzi haokoleki, hasa saa kumi na moja alfajiri, akiwa amevaa kofia mpya.

Nilikuwa na likizo ya siku nne. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiitazama milima ya Uluguru kupitia dirisha la basi, imejitanda mawingu mabegani kama bibi aliyejifunika shuka, nami nikijiahidi kwamba iko siku nitashuka Morogoro badala ya kupita. Tangu treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, kisingizio changu cha foleni za Kimara na Kibaha kilikwisha, kwa kuwa safari iliyokuwa ikinila asubuhi nzima sasa haifiki saa mbili. Nikakata tiketi, nikapatana kwa simu na kijana wa kuniongoza mlimani, kisha nikaenda soko la mitumba kununua vifaa. Matatizo yangu yote yalianzia hapo.

Muuza viatu niliyemkuta alinisoma mara moja. Aliniuzia buti zuri, hilo sina ugomvi nalo, ila alipoona pochi bado iko mkononi aliinama chini ya meza akatoa jozi ya vyuma vyenye meno kumi kumi, marefu kama ya mamba, vyenye mikanda ya kufungia chini ya kiatu. Akanieleza kwamba mpanda mlima asiye na vyuma vile ni sawa na mvuvi asiye na nyavu. Baadaye nilikuja kuelezwa kwamba vifaa hivyo ni vya kutembelea juu ya barafu. Uluguru, ijapokuwa kilele chake cha juu kinapita mita 2,600, ina ukungu, ina mvua na ina utelezi wa kutosha kumvunja mtu nyonga, lakini barafu ya huko iko ndani ya majokofu ya wauza soda. Nililipa shilingi elfu kumi na tano, tena nikaondoka nikitembea haraka, maana niliamini nimemlalia.

Stesheni siku hiyo ilikuwa imejaa. Nyuma yangu kwenye foleni ya ukaguzi walikuwepo akina mama kama watano waliokuwa wakienda harusini, wamebeba ndoo, vikapu, mabegi na kiroba kizima cha nazi, na kila mmoja akimlaumu mwenzake kwa kuchelewa. Mizigo iliingia kwenye mashine kwa kusukumana. Begi langu lilikuwa jeusi, la mgongoni, lenye mifuko miwili pembeni, yaani begi ambalo kila nyumba ya mjini inalo moja. Begi jeusi lilipotokeza upande wa pili, nikalidaka.

“Ndugu, hilo begi ni lako?” akauliza askari, macho yake yakiwa kwenye skrini. “Naona kuna chuma chenye meno.”

“Ni langu,” nikajibu kwa sauti ambayo hata foleni ingeisikia. “Hivyo ni vifaa vya kupandia mlima.”

“Na hizi mbao?”

Hapa ndipo mtu mwenye akili angesogea akatazama skrini, akajiuliza ni lini alinunua mbao. Mimi nilitabasamu tu, nikamwambia kwamba ni sehemu ya vifaa. Askari akanitazama kuanzia kofia hadi buti, akaona mavazi yanakubaliana na maneno, akaniruhusu.

Ndani ya behewa nililiweka begi juu, nikakaa dirishani. Pugu ikapita, Soga ikapita, Ruvu ikapita, nasi tukiteleza bila kutikisika hata chai isimwagike. Pale mwendo ulipofika kilomita 160 kwa saa, abiria kadhaa waliinua simu kana kwamba wamemwona simba. Mahali pengine niliiona pembeni ile reli ya zamani, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Morogoro mwaka 1907, imelala kwenye nyasi kama mzee aliyestaafu, nikaionea huruma ya mtu aliyekalia kiti kizuri. Nilijisikia msafiri wa kisasa kiasi kwamba sikuligusa begi njia nzima.

Mwongozaji wangu alikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, amevaa kandambili. Alinipokea chini ya mlima, akayatazama buti yangu kwa heshima, akaomba kunisaidia begi, nami nikakataa kwa sababu nilitaka kupanda mlima kiume. Hilo nalo nililijutia baada ya dakika ishirini. Begi lilikuwa zito kupita nilivyolipanga usiku, na kila nilipoinama kukabili mteremko, kitu kigumu kilinichoma katikati ya mgongo, chini kidogo ya mabega, pale pale, kama mtu anayenigonga kwa kidole kunikumbusha jambo. Nikajua ni vile vyuma. Nikajisemea kwamba ndivyo vifaa vya kitaalamu vilivyo.

Njia ya kwenda Morningside haina huruma na mtu wa Dar. Inapanda katikati ya mashamba ya kabichi na karoti yaliyoning'inia kwenye miteremko ambayo mimi nisingeweza hata kusimama, achilia mbali kulima, na ndiyo barabara ya kila siku ya akina mama wanaoshusha mboga sokoni. Bibi mmoja aliyekuwa anarudi juu, mfuko wa unga kichwani, alinipita akasema, “Pole, baba.” Baada ya kona tatu tulimkuta amekaa anapumzika, akatuacha tutangulie, akatupita tena, akasema tena, “Pole, baba,” safari hii kwa sauti ya mtu anayetoa rambirambi. Kwenye kijito mwongozaji aliniambia kwamba maji yale hatimaye huingia mto Ruvu, ambao ndio unaoinywesha Dar es Salaam. Nikanawa uso, nikanywa, nikafurahi kupata bila bili maji ambayo nyumbani hunifikia kwa bili, na mara nyingine bili hufika peke yake.

Saa sita tulifika Morningside, kwenye ile nyumba kuukuu ya tangu enzi za Wajerumani, inayoutazama mji wote wa Morogoro chini. Upepo ulikuwa baridi. Hatua chache kutoka tulipokaa, akina mama wawili walikuwa wameshusha matenga yao ya mboga wakivuta pumzi kabla ya kuteremka. Nikamwambia mwongozaji sasa tule, nina mikate yenye mayai na chupa ya chai. Nikafungua zipu.

Cha kwanza kutoka kilikuwa doti ya khanga. Kikafuata kichupa cha iliki, kisha mfuko wa visheti uliofungwa fundo mbili. Nilidhani mke wangu amenifanyia mshangao, nikamshukuru moyoni, nikafungua fundo zote mbili, tukala visheti. Vilikuwa vitamu kweli, vyenye shira iliyokauka vizuri. Tulikuwa tumefika kwenye visheti vya tisa au vya kumi, mimi na kijana, nilipoingiza mkono ndani zaidi kutafuta mikate nikashika ubao. Nikavuta. Ikatoka mbuzi ya kukunia nazi, imekunjwa, ya mninga mweusi kwa uzee, kiti chake kimeng'aa kwa kukaliwa miaka na miaka, ulimi wake wa chuma umechongoka meno yake yote, na kwenye ncha ya ulimi kulikuwa na uzi wa shati langu.

Simu ikaita wakati ule ule. Namba ilikuwa ngeni.

“Wewe ndiye mwenye begi la meno?” Ilikuwa sauti ya mama mtu mzima. Nilikuwa nimeandika namba yangu kwenye daftari, nalo lilikuwa ndani ya begi langu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Mbuzi yangu unayo?”

Sasa, lugha yetu imeliweka jambo hili wazi: mbuzi wa kuchinjwa ni *wangu*, na mbuzi ya kukunia ni *yangu*. Tatizo ni kwamba mitaani wengi wetu husema *mbuzi yangu* hata kwa yule mwenye pembe. Mtandao pia ulikuwa unakatika, hivyo nilisimama na kujibu kwa kupaza sauti, maneno ambayo hadi leo mwongozaji wangu huyarudia akinipigia simu za sikukuu:

“Mbuzi yako ninayo, mama! Nimepanda nayo mlimani! Hapana, haijavunjika mguu! Nimeibeba mgongoni tangu stesheni! Nakuomba radhi, mama, sikukusudia kuichukua, zilifanana! Ndiyo, naishusha sasa hivi, mtaiwahi kabla ya kupika!”

Nilipogeuka, wale akina mama wawili walikuwa wameshajitwisha matenga na wanateremka, kwa mwendo ambao sikuwahi kuuona kwa mtu aliyebeba kabichi.

Sisi tulichelewa. Magoti yangu yalikuwa yamekwisha kazi, ikabidi nishuke ubavu kama kaa, huku kijana amebeba begi na mimi nimebeba aibu. Kwenye nyumba ya kwanza watu walitoka nje, wakalitazama begi, wakamuuliza mwongozaji jambo kwa Kiluguru. Akacheka, akajibu kwa kifupi. Nyumba ya pili hivyo hivyo. Kwenye ya tatu mzee mmoja alilizunguka begi akaliinamia, akatega sikio. Ndipo kijana aliponieleza kwamba habari imeshatutangulia hadi chini: kuna mtu wa Dar amemwiba mbuzi wa mama mmoja kwenye treni, amemtia ndani ya begi, amempandisha mlimani kumficha, na mwenyewe amekiri kwa simu. Akaongeza kwamba Uluguru ukoo hufuata kwa mama na mashamba hupita kwa mama, kwa hiyo nisitarajie kwamba kumwibia mama kutachukuliwa kama jambo dogo.

“Si uwaambie ni ya kukunia nazi?”

“Nimewaambia, kaka. Wanasema mtu hapandishi mbuzi ya nazi mlimani, haina maana.”

Sikuwa na jibu. Walikuwa wamesema kweli.

Chini tulikuta kikao. Watu hawakupungua thelathini, pamoja na watoto wa shule, waendesha bodaboda na mzee mwenye fimbo aliyenyamazisha wengine kwa kuinua mkono. Wale akina mama wa matenga walikuwa mstari wa mbele, kama mashahidi wanavyotakiwa kuwa. Mzee akaniamkua kwa utaratibu, akaniuliza nimetoka wapi, nimelalaje, kisha akasema, “Mtoe.”

Nikalifungua begi, nikaitoa mbuzi, nikaikunjua miguu yake, nikaiweka chini mbele yake.

Palikuwa kimya kwa muda wa kumeza mate. Halafu mtoto mmoja akauliza, “Mbona amekonda hivi?” na hapo ndipo kikao kilipovunjika. Mama mmoja alicheka hadi akakaa chini. Mzee mwenyewe alijikaza, akakohoa mara mbili, akaamuru dereva wa bodaboda anipeleke Kihonda haraka, “kabla mbuzi hajapata njaa.”

Nyumba ya harusi niliijua kwa moshi wa majiko. Uani palikuwa na sufuria tatu kubwa, mchele umeshachaguliwa, na rundo la nazi zilizovunjwa zinasubiri. Katikati ya uwanja, juu ya kigoda, nilikiona chuma changu kimoja kimefungwa kwa kipande cha khanga, meno yote kumi yameangalia juu, na kijana mmoja ameshika kifuu mkononi akitokwa jasho. Ndani ya sinia iliyokuwa chini yake mlikuwa na mabonge ya nazi makubwa kama sabuni ya kufulia.

Mwenye mbuzi alikuwa mama mfupi, mweupe wa nywele, na sauti yake ilikuwa ile ile ya simu. Hakunigombeza. Alipokea mbuzi yake kwa mikono miwili, akaigeuza, akaikagua miguu, akapitisha kidole kwenye ulimi, akautoa ule uzi wa shati langu akanipa. Kisha akasema, “Mwanangu, hivi vyuma vyako havikuni. Vinachimba.”

“Nisamehe, mama.”

“Nimeshakusamehe. Visheti viko wapi?”

Nikamkabidhi mfuko. Akaupima kwa mkono, akanitazama, akaupima tena. Akaikunjua mbuzi, akaiweka kivulini kando ya sinia safi, akaniamuru nivue kofia na kukaa.

Nilikuna nazi kumi na moja, nikiwa na buti miguuni, huku mabinti wa harusi wakija mmoja mmoja kunipiga picha. Ya kumi na mbili mama alininyang'anya mkononi, akasema nimeshafika kwenye kifuu na sasa namtilia weusi kwenye tui.